Sitara ya Bi Ghalia

Maji yalikuwa na uvuguvugu na harufu ya majani ya mkunazi. Dija alikuwa akiyamimina polepole juu ya kifua cha marehemu Bi Ghalia, na mkono wa bibi yake ukifuata chini ya shuka, mara ukasita. Ulisita kwa pumzi moja tu, kisha ukaendelea na kazi. Lakini Dija alikwishaona. Shuka ilikuwa imelowa ikashikamana na mwili, na pembeni mwake, upande wa kushoto, titi lilikuwa gumu na ngozi yake imevutwa ikawa na vishimo kama ganda la chungwa.

Picha ile aliijua. Alikuwa mwaka wa nne wa uuguzi katika chuo kikuu cha umma jijini Dar es Salaam, na muhula uliopita alikuwa amepapasa mdoli wa plastiki mbele ya mwalimu mpaka akautambua uvimbe kwa ncha za vidole. Mdoli haukuwa na jina wala binti.

Bi Samia, bibi yake, alikuwa mwosha maiti wa wanawake wa mtaa ule wa Bagamoyo kwa miaka thelathini na mitano. Kila Dija alipokuja likizo, yeye ndiye aliyemimina maji. Alijivunia jambo hilo kuliko alama zake za chuoni, maana hakuna msichana mwingine wa rika lake aliyeaminiwa kuingia nyuma ya pazia lile. Sharti la kuingia lilikuwa moja: mwili wa marehemu usitajwe nje, wema wake wala aibu yake.

Jeneza lilipokwisha kutoka, walibaki uani wakisuuza ndoo.

"Bibi, uliona?"

"Niliona unamimina maji kama mtu anayepima dawa ya kikohozi. Maiti nusura akauke."

"Ile ni saratani, bibi. Aliificha, watu wa nyumbani wakasema ni homa. Na Shahad ni binti yake. Katika koo nyingine ugonjwa huu hurithiwa. Akipimwa mapema anapona."

"Shusha sauti."

"Naomba ruhusa nimwambie."

Bi Samia aliipindua ndoo akaikalia. "Umwambie nini? Ghalia hakuwa akivua nguo hata mbele ya dada zake. Leo hana mkono wa kuvutia shuka, ndiyo wewe umtangaze? Ukisema, mjukuu wangu, pazia lile hutaliingia tena. Wala mimi."

Dija alichukua ndoo nyingine akaisuuza. Chuoni pia walifundishwa kutunza siri ya mgonjwa, naye alikuwa ameijibu karatasi ya mtihani ya somo hilo vizuri, kwa mwandiko wa kujiamini. Kwenye karatasi, hata hivyo, hapakuwa na Shahad, aliyemshonea sare yake ya kwanza ya wodini na kumtania: "Ole wako uje unidunge sindano ya kalioni!"

Siku mbili alizunguka na jambo hilo kama mtu mwenye mwiba unyayoni. Siku ya tatu, khitma ilipokwisha nyumbani kwa marehemu na wanawake wakawa wanakunja mikeka, alimfuata bibi yake jikoni.

"Sitataja nilichokiona. Nitamwomba akapimwe tu, kama ninavyoweza kumwomba mwanamke yeyote."

"Akikuuliza kwa nini yeye?"

Bi Samia alifuta sufuria ambayo tayari ilikuwa kavu.

"Mama yake Ghalia nilimwosha mimi," alisema. "Shahad alikuwa bado anatambaa. Lilikuwa hilo hilo, upande huo huo. Nilinyamaza, nikajiona nimefanya kazi yangu." Aliiweka sufuria chini. "Juzi mkono wangu ulipofika pale, ulikumbuka."

Alijifunga kanga vizuri, akaenda ukumbini. Dija akamfuata nyuma.

"Shikamoo, bibi," alisema Shahad, aliyekuwa akitandua mkeka wa mwisho. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini alitabasamu.

"Marahaba, mwanangu. Likizo ya Dija ikiisha utaondoka naye kwenda Dar. Akupeleke hospitali wanapojifunzia, ukapimwe kifua."

"Mie? Mbona mzima?"

"Ndiyo wakati wa kupimwa huo."

"Kwani kuna nini, bibi?"

Bi Samia alimsogelea. "Nyumba hii nimewaosha wawili. Wa tatu sitaki. Usiniulize zaidi, maana sitajibu."

Mkono wa Shahad ulipanda taratibu hadi kwenye kola ya dera lake, ukabaki hapo. Alimtazama Dija, na Dija akayazuia maneno yote aliyoyasomea kwa miaka minne, akamkabili kwa macho tu.

"Unaondoka lini?" Shahad aliuliza hatimaye.

"Jumatatu, kwa basi la saa kumi na mbili asubuhi."

"Saa kumi na mbili! Mimi ni mzito wa kuamka, mwanamke."

"Nitakuja kukugongea."

"Gonga dirisha la uani," alisema Shahad, akainama kuushika upande mmoja wa mkeka; Dija akashika wa pili, wakaukunja pamoja.