Dirisha Lisilo na Ndege

Mawingu yaliganda juu ya Akagera. Tangu Biharamulo yalikuwa yakisogea vizuri, meupe migongoni na meusi matumboni, kisha kwa mara ya tatu asubuhi ile yakakwama kwenye skrini na feni ya kompyuta ikaanza kulia. Scovia alilegeza mkono kwenye usukani, akasubiri. Picha ikaruka hatua moja, ikasimama. Ikaruka tena. Mto ukapita chini yake vipandevipande.

"Basi," aliiambia mashine. "Nimeelewa. Umechoka."

Kompyuta ilikuwa ya bintiye, Phiona, mchoraji wa majengo mwenye ofisi Kacyiru. Aliponunua mpya alimletea mama yake hii ya zamani hapa Kagarama, mtaa wa Kigali, ili atazame misa na kuonana na ndugu walio mbali. Miezi miwili baadaye alimkuta mama mtu amefunga usukani kwenye meza ya chakula, anarusha ndege. Phiona alicheka hadi akakaa chini. Alipomaliza kucheka alimweleza jambo moja la maana.

"Mama, nguvu za mashine hii zina kikomo. Ukitaka chumba cha rubani kiwe kama cha kweli, kila mshale ucheze na kila swichi ibonyezeke, nje utapata vilima vya kuchora na penseli. Ukitaka nje kupendeze, punguza ndani. Vyote viwili haibebi."

Scovia hakungoja kesho. Alifuta chumba cha rubani chote, vipimo na viti na fremu ya kioo, akabaki na anga tupu mbele yake. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa mwongoza ndege kwenye mnara wa uwanja wa Kanombe. Aliwaambia marubani upepo unavuma kutoka wapi na nani atangulie kutua. Nao walishuka, wakanywa chai, wakasimulia mvua walizozipita na maziwa yaliyometameta chini yao. Yeye alikuwa na darubini, redio na ukanda uleule wa lami. Alistaafu akiwa na deni moja tu moyoni: kuona walichokiona wale aliowaita.

Kwa hiyo alizunguka. Alishuka chini chini juu ya Ngara, alikozaliwa wazazi wake wakiwa wakimbizi, akautafuta mteremko ambao baba yake alichungia ng'ombe wa watu. Mashine ilimpa msitu usio na jina, miti ya aina moja iliyosimama kama askari wa gwaride. Hakukata tamaa. Mteremko aliuweka mwenyewe, kwa kumbukumbu, na ng'ombe akawaweka pia.

Lakini siku iliyomkaa zaidi ilikuwa nyingine, na ndiyo aliyokuwa akiipanga asubuhi ile, wingu kwa wingu, kwa sababu saa nane angekuja Mwita.

Mwita alikuwa rubani wa ndege ndogo ya mizigo. Kwa miaka tisa alileta Kigali dawa, magazeti na samaki kutoka Mwanza, na kwa miaka hiyo yote Scovia alimjua kama sauti nzito ya Kikurya ndani ya Kiingereza cha redio. Alasiri moja ya Aprili, mvua ikiwa imeumeza mji, sauti hiyo ilisema haioni uwanja na inapanda tena. Kisha ikanyamaza. Dakika nne. Scovia aliita herufi za ndege yake, akaita tena, na mwisho akafanya jambo ambalo mwongoza ndege hafanyi: aliacha herufi, akaacha na Kiingereza, akamwita mtu kwa jina lake. Baadaye ndege ilitokeza kwenye mvua, ikatua. Hakuna aliyemuuliza mwenzake kitu. Mwita alipoacha kurusha ndege, alipewa kazi ya kusimamia ghala la mizigo hapa hapa mjini. Walikutana harusini na misibani, wakasalimiana, wakaulizana hali za watoto. Sasa alikuwa anarudi Musoma moja kwa moja, Jumatatu.

Alifika na mapapai mawili kwenye mfuko wa karatasi. "Mwiriwe, Mama Phiona," alisema mlangoni, na Kinyarwanda chake kilikuwa bado kinachechemea.

"Karibu, Kapteni. Umekonda."

"Uzee unakula kidogo kidogo."

Walikula ugali na samaki. Vyombo vilipoondolewa, Scovia alimvutia kiti mbele ya skrini. Alijiona kama mwali anayeonyesha mkeka aliousuka.

"Nimekutengenezea safari. Mwanza hadi hapa. Hali ya hewa ya Aprili ile."

Mwita alimtazama. Akashika usukani.

Mawingu yalipendeza. Vilima vilipandana hadi macho yalipokoma, mvua ikaning'inia kama pazia, na mahali jua lilipopenya, bonde zima liling'aa. Lakini mkono wa rubani ulianza kuhangaika. Ndege ililala upande, akaiinua kupita kiasi, ikalala upande wa pili. Picha ikakwama, ikaruka. Jasho lilimtoka Mwita kwenye paji la uso.

"Mama Phiona, hili ni dirisha. Ndege iko wapi?"

"Nimeifuta ili uone."

"Nione nini?" Aliuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kujua kweli. "Nirudishie vipimo vyangu."

"Mashine haitaweza. Itabidi niondoe vya nje."

"Ondoa."

Scovia alifungua mipangilio. Aliondoa vivuli. Aliondoa miti, na Ngara ikabaki upara. Akapunguza mawingu aliyoyahangaikia wiki nzima, yakawa ukungu wa kijivu usio na umbo, na kwa kila alichokipunguza alihisi kama anauza vyombo vya nyumba yake kimoja kimoja. Ndipo chumba cha rubani kikarudi: kipimo cha kimo, dira, na katikati lile duara, nusu buluu nusu kahawia, linalomwonyesha rubani juu ni wapi na chini ni wapi. Feni ikatulia. Mishale ikacheza laini kama pumzi.

Mabega ya Mwita yalishuka. Kwa mara ya kwanza tangu aketi, alikaa kama mtu aliye kwake.

"Sasa ni yenyewe," alisema.

"Lakini hakuna kitu nje, Kapteni. Kijivu kitupu."

"Ndivyo ilivyokuwa." Macho yake hayakutoka kwenye lile duara. "Ningetazama nje siku ile, tusingekuwa hapa tunaongea. Wingu linakudanganya, linakuambia uko wima kumbe umelala. Nilitazama hivi vipimo sita. Na nilisikiliza."

Scovia alikunja mikono juu ya mapaja. Aliogopa kuuliza, na aliogopa zaidi Jumatatu ifike hajauliza.

"Ulisikia?"

"'Mwita, sema neno.'" Alitamka polepole, kwa sauti isiyo yake. "Mara tatu. Ya tatu ulikuwa kama unalia."

"Mbona hukujibu?"

Ndege ilikata kona taratibu ndani ya kijivu. "Mikono yote ilikuwa na kazi. Lakini si hilo tu, sitakuongopea. Sauti yangu ilikuwa inatetemeka. Ningejibu, ungejua kwamba naogopa. Nikasema moyoni, acha azungumze yeye. Maana ulipokuwa unazungumza, nilijua kuna mahali pa kushukia."

Miaka yote ile Scovia alikuwa amejiona mtu aliyesimama nje ya nyumba, anasikia karamu kwa ndani.

"Mnara," alisema Mwita, na sasa aliita kwa Kiingereza cha kazi, shingo imenyooka. "Naomba kutua."

Scovia alikohoa kusafisha koo. Maneno yalikuwa bado pale, hayajapata kutu. Alimpa upepo, akampa shinikizo la hewa, akamruhusu kutua kwenye njia ya ndege namba mbili nane. Ukungu ulipasuka futi mia tatu juu ya ardhi, lami ikaonekana, kipande kibaya cha kijivu juu ya kijani kibaya. Mwita aligonga chini, akaruka, akagonga tena, akaishia majanini.

"Samaki wote wamemwagika," alisema Scovia, na wakacheka hadi Mwita akalazimika kuvua miwani.

Saa kumi na moja pikipiki ilimpitia Mwita. Langoni alimshika Scovia mkono kwa mikono yake miwili, akaushikilia kwa muda mrefu kidogo kuliko desturi, akavaa kofia ngumu ya abiria iliyomzidi kichwa, akaenda.

Scovia alirudi ndani, akamenya papai moja. Alikuwa bado na kisu mkononi ndege ya kweli ilipopita juu ya mabati ya Kagarama ikielekea kutua. Hakwenda dirishani. Alisimama jikoni, kichwa kimeinama kidogo, akaifuata kwa masikio hadi ilipogusa chini.