Mchanga wa Bosi

To.

Kimya kidogo, halafu tena: to. Nilikuwa jikoni naosha sufuria, na taa ya sebuleni dada alikuwa ameshaizima. Sauti ile ilikuja kama ya mtu anayebisha mlango kwa kidole kimoja, mtu mwenye adabu asiyetaka kusumbua. Nikaenda kufungua. Nje hapakuwa na mtu. To. Nikageuka, na ndipo nikaona inakotoka. Samaki wetu alipanda hadi juu ya maji, akajipinda, akashuka kichwa chini kwa nguvu zake zote na kugonga kioo cha chini ya tangi.

"Anafanya nini huyu?" niliuliza.

Dada yangu mkubwa alikuwa kwenye kochi gizani, mikono ameibana katikati ya magoti. "Anataka kulala," alisema.

Samaki wa aina ile hulala ndani ya mchanga. Giza likiingia hupiga mbizi, hujifukia hadi mkia, na usingizi wake wote uko huko chini. Sisi chini hatukuwa na mchanga. Tulikuwa na kioo kitupu kinachong'aa kama sahani mpya, na aliyeking'arisha ni dada.

Watu huniuliza hadi leo kwa nini fundi redio anafuga samaki wa maji ya chumvi katika mji ambao bahari iko safari ya siku nzima. Huwajibu: kwa sababu nilikatazwa.

Dada alikuwa mfanya usafi katika hoteli kubwa. Tangi lilikuwa mapokezi, na kwa muda wote aliofanya kazi pale ndiye aliyefuta kioo chake na kulisha samaki wake, mpaka akabaki huyu mmoja, wa kijani cha chupa, mwenye mstari wa rangi ya chungwa ubavuni. Alimwita Bosi, kwa kuwa alichelewa kuamka na alikuwa wa kwanza kwenda kulala. Kisha akaja meneja mpya, akatundika ukutani televisheni inayoonyesha samaki. Hao hawali, hawafi, na hawamhitaji dada yangu. Siku aliyoambiwa asirudi tena kazini, aliambiwa pia amwage tangi chooni, na samaki akiwamo. Akaomba apewe yeye.

"Mchukue," meneja alisema. "Mkamkaange."

Tulilileta tangi nyumbani kwa mkokoteni, pamoja na pampu yake na gunia la chumvi lililobaki, Bosi akiwa ndani ya ndoo yenye mfuniko. Mimi nikaenda kutafuta waya wa umeme. Nyuma yangu dada akafanya kazi aliyoizoea. Aliutazama mchanga uliokuwa chini ya tangi, wa kijivu, wenye ukungu wa kijani, akaona uchafu. Aliuchota wote akaumwaga mtaroni, akasugua kioo mpaka kikawaka. Niliporudi alikuwa anatabasamu. Alikuwa amefukuzwa asubuhi, na jioni ile amefanya usafi bora kuliko wote wa maisha yake. Ikanyesha mvua, na mtaro ukabeba kila kitu.

Sikuwa na moyo wa kumlaumu. Hasira yangu niliiweka akiba, na kesho yake nikapata wa kumpa.

Duka la samaki wa mapambo lilikuwa la bwana mmoja aliyependa kuitwa Daktari, na alivaa koti jeupe kabisa ili tusisahau. Mchanga wa bahari aliuuza kwenye mifuko ya ukubwa wa mto wa kulalia. Nikasoma bei. Nikairudia, nikidhani nimesoma namba ya simu.

"Huo unakuja kwa ndege, kijana," alisema.

"Ndege yenyewe ndiyo unauza?"

Hakucheka. Aliniuliza habari za samaki, nami nikamweleza. Akainua macho. "Pua imeshachubuka?"

"Imechubuka."

"Basi hamalizi wiki. Mlete Jumamosi nimchukue, nikuondolee mzigo."

"Nipunguzie mchanga."

"Mchanga sipunguzi. Samaki kama huyo nina mteja wake." Akaanza kupanga makopo yake, mgongo kwangu. "Bahari si ya kila mtu, bwana mdogo. Nenda kafuge kuku."

Mimi ushairi nimejifunza peke yangu, nikihesabu mizani kwa vidole juu ya meza ya kazi huku moshi wa risasi ya kulehemu ukiniingia machoni. Sikufundishwa na mtu, kwa hiyo hakuna aliyenifundisha kunyamaza. Nilisimama mlangoni pa duka lile, wateja wakisikia, nikampa ubeti wake:

Bahari haina bei, wala haina mlango,
Kwako wewe sirejei, hata nivunjwe mgongo,
Na samaki hangojei, maneno yenye uongo,
Mchanga nitaupata, kwako sitaununua.

"Vina vizuri," Daktari alisema bila kugeuka. "Ila samaki hali vina."

Nyumbani, jioni, sauti ikarudi. To. Dada aliziba masikio.

"Tumpeleke Jumamosi," alisema. "Afadhali aishi kwa mtu kuliko afe kwangu. Mimi ndiye niliyemwaga kitanda chake."

"Nipe mpaka Jumamosi, basi."

"Wewe na kiburi chako."

"Kiburi ni cha kwangu, samaki ni wa kwako. Nipe mpaka Jumamosi."

Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba mchanga wa bahari ni maganda na mifupa ya viumbe iliyosagika, na kwamba huyasaidia maji yasichachuke. Ukiudondoshea siki hutoa povu, tena huvuma. Wa mtoni hunyamaza. Basi nikatembea mjini na chupa ndogo ya siki mfukoni, pamoja na sumaku niliyoing'oa kwenye spika mbovu. Kwa waashi nilipitisha sumaku juu ya lundo lao, ikatoka imeota ndevu nyeusi za chuma. Chuma huharibu maji ya samaki; nikawaachia mchanga wao. Mtunza bwawa la kuogelea alinipa wa kuchujia maji, msafi, mweupe, lakini siki haikuutoa neno, na punje zake zilinikwaruza kiganja. Sikutaka pua iliyochubuka ikutane nazo. Waashi walishaanza kuniita Bwana Siki. Niliwaitikia. Jina nimelichuma mwenyewe.

Ijumaa nikapita mbele ya duka la vyakula vya kuku, na lile neno la Daktari likanipanda kichwani. Nenda kafuge kuku. Niliingia kwa hasira tu, hata sijui nilitaka kugombana na nani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wako ni wa mayai au wa nyama?"

"Wangu ni samaki."

"Hapo umepotea njia." Alikuwa ameketi kwenye kigoda, anatikisa chekeche kubwa lililojaa maganda ya bahari yaliyopondwa, yale wanayopewa kuku ili yai lisiwe na ganda laini. Vipande vilibaki juu. Chini, kati ya miguu yake, kilikuwa kimeinuka kilima cheupe.

"Na hicho, mama?"

"Takataka. Huko pwani wanazoa maganda kwa koleo, na mchanga humohumo ili gunia liwe zito. Kuku hawautaki. Mimi nautupa pale penye matope, watu wapite."

Nilichuchumaa, nikautia mkono. Ulikuwa laini, punje za mviringo, ukapita vidoleni kama unga wa muhogo. Nikatoa chupa na kudondosha siki.

Shhh.

Ulitoa povu, ukavuma mpaka nikauinamia kwa sikio.

Mama aliacha kutikisa chekeche. "Umeufanya nini mchanga wangu?"

"Nimeusalimia, mama."

"Na umeitikia," alisema, macho yamemtoka.

Alikataa hela. Alisema hajawahi kuuza takataka na hataanzia kwangu, ila kama kweli ni fundi, ile redio yake pale juu imekuwa bubu. Niliifungua palepale. Nikatoka na gunia begani, na nyuma yangu redio inasoma taarifa ya habari.

Nyumbani dada aliutazama mchanga akarudi nyuma. "Uoshe wewe. Mkono huu ndio uliomwaga."

"Mkono huo ndio unaojua kuosha."

Akakunja mikono ya gauni. Kwa mazoea alichukua sabuni, akaishika kidogo, akairudisha rafuni na kuisukuma mbali. Maji ya kwanza yalitoka kama maziwa. Akamwaga, akajaza, akakoroga hadi kiwiko, akamwaga tena. Mimi nilichoka kubeba ndoo kabla yeye hajachoka kuinama. Hakusimama mpaka maji yalipotulia juu ya mchanga na akauona uso wake mwenyewe.

Asubuhi ya Jumamosi nilipita mbele ya duka la Daktari, mikono mitupu, nikienda polepole makusudi. Alitoka hadi mlangoni. "Amekufa?" aliuliza. "Amelala," nilimjibu, na sikusimama. Aliendelea kuuza mifuko yake, mimi nikaendelea kusalimia michanga.

Lakini ninayoikumbuka zaidi ni jioni iliyotangulia. Maji yalikuwa yameshatakata, Bosi amerudishwa tangini, anazunguka juu ya sakafu nyeupe bila kuiamini. Dada akazima taa. Tukakaa kwenye kochi, tukisubiri.

Alipanda. Akajipinda. Akashuka.

Hatukusikia kitu. Wingu dogo la mchanga lilinyanyuka, likatua, na tangi likawa tupu.

Dada akainuka, akapiga magoti mbele ya tangi, midomo karibu na kioo, kama anayeongea na mtu aliye chumba cha pili.

"Bosi," alisema. "Huu siumwagi."