Stuli ya Cherehani ya Saba

Jumatatu, tarehe tatu Machi, mawingu mazito yalitanda tangu alfajiri na mvua haikunyesha. Saa moja na nusu washonaji ishirini na wawili wa karakana ya mito ya viti waliinamisha vichwa, wakasali sala fupi ya kuanza kazi, wakakaa. Stuli ya cherehani ya saba ikazama kwenye sakafu ya saruji kiasi cha vidole viwili, upande wa kushoto.

Mwanamke aliyeikalia, ambaye wenzake walimwita Saba kwa sababu ya mashine yake, aliweka kitambaa sawa akaendelea kushona.

Mito waliyoshona ilikuwa ya kuegemeza migongo ya watu wa maofisini. Wao wenyewe walikalia stuli za mbao zisizo na pa kuegemea. Pedali ilikuwa kulia, kwa hiyo kila mmoja alikalia tako la kushoto, kiuno kimepinda na mabega yameanguka mbele, mpaka kengele ya mchana na tena mpaka ya jioni. Aliyeruhusiwa kusimama kabla ya kengele ni yule aliyechomwa na sindano, tena akionyesha damu.

Saba alikuwa na maumivu chini ya kitovu na ndani ya nyonga, huu mwaka wa tatu. Yalikuja akikaa, akienda haja, akilala na mumewe. Madaktari wawili walimwambia ni mambo ya kike, na mmoja akaongeza kwamba akizaa tena yatakwisha. Alizaa. Hayakwisha. Wa tatu alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo, mama wa makamo, ambaye kabla ya kuuliza lolote alimwambia akae kama anavyokaa kazini.

"Hivi ndivyo unavyokaa siku nzima?"

"Ndiyo, daktari."

"Misuli ya huku chini imekaza kama ngumi. Mimi nalegeza, wewe unarudi kazini unakaza. Tutafika kweli?"

Akamwandikia barua ya mistari miwili. Saba aliiweka ndani ya kitabu chake cha sala, akaiombea siku nne, na Jumatatu ile mchana akampelekea msimamizi.

Msimamizi alikuwa amekaa kwenye cherehani ya nne miaka kumi na mmoja kabla ya kupandishwa cheo, na mpaka leo alitembea akielemea kushoto. Aliisoma barua akiwa amesimama.

"Nikikupa wewe kiti chenye mgongo, wenzako ishirini na mmoja niwaambie nini?"

"Wape na wao, mama."

"Usinichekeshe, nina kazi." Akamrudishia barua. "Na ile sakafu umeifanya nini?"

"Sijaifanya kitu, mama. Nimekaa tu."

Fundi wa mashine akaitwa. Aligonga saruji kwa nyundo huku ametega sikio, akasema ni nzima kabisa.

"Sakafu haina tatizo. Mzito ni huyu dada."

"Nina kilo hamsini na nne, Fundi."

"Sijasema kilo."

Kwa kuwa meza ya cherehani sasa ilikuwa juu mno kwake, Fundi alichukua msumeno akaikata miguu. Jumanne shimo lilifika magotini, akaikata tena. Jumatano lilifika kiunoni, na miguu ya meza ilikuwa imekwisha, basi akaishusha mashine nzima ndani ya shimo kwa kamba, akaifungia taa ndogo. Msimamizi alijaribu kumhamishia Saba kwenye stuli nyingine karibu na mlango. Ile ikazama kabla hajamaliza kutunga uzi. Wakaona ni heri arudi kwenye shimo lake, maana lilikuwa limeshachimbika.

Mzee kuliko wote pale alikuwa Shangazi wa cherehani ya nane. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote. Ndiye aliyekuwa akimteremshia Saba vitambaa.

"Saba, huko chini kukoje?"

"Kuna ubaridi, Shangazi. Nikiegemea ukuta kidogo, tumbo linanyamaza."

"Una ukuta wa kuegemea? Bahati yako. Niwekee nafasi."

Alhamisi saa tatu stuli ya Shangazi nayo ikazama, vidole vitatu kwa mpigo. Mashine ya sita ikanyamaza, na ya tisa pia. Shangazi alijitazama kule chini, akakohoa.

"Mimi maumivu hayo ni miaka kumi na tisa," alisema bila kumwangalia mtu. "Marehemu mume wangu alidhani simpendi."

Stuli ya tisa ikashuka.

"Mimi tangu kifungua mimba wangu," alisema aliyekuwa juu yake.

"Mimi tangu niajiriwe."

"Nilijua ni mimi peke yangu."

"Kimya huko," msimamizi alisema, na sauti yake haikuwa na nguvu. Hadi kengele ya jioni, stuli kumi na nne zilikuwa chini ya usawa wa sakafu. Aliyebaki juu alishona haraka haraka, akiutazama mguu wa stuli yake.

Ijumaa Bosi alikuja kukagua. Asubuhi hiyo Saba, ambaye shimo lake sasa lilimpita kichwa, alisali kwa sauti ndogo. Hakuomba kutolewa. Aliomba barua isomwe na mtu mwenye uwezo wa kuagiza viti.

Bosi alipita kati ya mashimo akiangalia asichafue viatu. Kutoka kila shimo ulipanda mlio wa cherehani.

"Kazi imepungua?"

"Hapana, Bosi. Imeongezeka kidogo," alisema msimamizi. "Hawaoni dirisha." Viatu vyake mwenyewe vilikuwa vimezama mpaka kwenye vifundo. Aliuchomoa mguu mmoja taratibu, kisha wa pili, akasogea pembeni.

Mkono ukatokea kwenye shimo la saba, umeshika karatasi.

"Bosi, naomba uisome. Kwa sauti, na wenzangu wasikie."

Mashine zikanyamaza moja baada ya nyingine. Bosi alichuchumaa, akaichukua, akavaa miwani.

"Mgonjwa huyu apewe kiti chenye egemeo la mgongo," alisoma. "Asimame na kutembea dakika tano kila saa."

Msimamizi alikuwa ameinama, na mkono mmoja aliuweka kwenye kinena, kama mtu anayezuia kitu kisianguke.

Bosi aliikunja barua mara mbili, akaitia mfukoni, akasimama katikati ya karakana.

"Nimesikia," alisema. "Mmevumilia, na mimi si jiwe. Msimamizi ni shahidi, Fundi ni shahidi, na Mungu mliyemwomba asubuhi anasikia. Naahidi, ikifika Jumatatu kila shimo litakuwa na ngazi. Ngazi ya chuma, si ya mbao. Na atakayeshindwa kupanda, chakula na kazi tutamshushia huko huko."