Nani Alilaza Nyasi

Siku ya gulio mjini Mbinga, Februari ya mwaka 1996, Lukresia wa Matiri alinunua masweta mawili ya mtumba, na muuzaji akamtupia nyongeza ya miwani kubwa nyeusi yenye mkanda wa kuvalia kichwani. Ilikuwa imetokea kwenye robota pamoja na makaratasi yake, na muuzaji hakuwa na habari nayo. Miaka ile baiskeli mpya ziliingia, redio ziliingia, wanunuzi binafsi wa kahawa waliingia na mizani zao, na watu walikuwa wamekwisha kuacha kuuliza kila kitu kimetoka wapi.

Makaratasi aliyasoma Raimundi, bwana shamba aliyehamishiwa huku kutoka Dodoma na kupanga nyumba ya jirani. Alisema miwani ilitengenezwa ng'ambo na kiwanda cha mitambo ya michezo, kwamba anayeivaa huona ulimwengu mwingine, na kwamba kazi yake humo ni kutungua ndege za adui. Ilitaka betri sita za redio. Raimundi akaijaribu, akatapika uani kwa mama mwenye nyumba wake, akaenda kulala.

Lukresia alipoivaa aliona giza, na katika giza mteremko mrefu uliochorwa mistari ya kijani, mingine ya kushuka, mingine ya kukingama, viboksi viboksi mpaka juu. Yeye ni Mmatengo, amezaliwa mahali ambapo mtu hulima mguu mmoja ukiwa chini na mwingine juu, kwa hiyo kizunguzungu hakukiona, wala mchezo hakuuona. Aliona ngolo, shamba la mashimo la kwao. Mtu alikuwa amefyeka, amelaza nyasi kwa mistari ya kukatana kama inavyotakiwa, kisha akaenda zake. Kufyeka na kulaza nyasi ni kazi ya mwanaume. Kuzifukia udongo na kuacha shimo katikati ya kila boksi ni kazi ya mwanamke. Kazi ya mwanaume ilikuwa imekwisha. Lukresia akavua miwani, akaenda kuchukua jembe.

Shamba lingine hakuwa nalo. Mumewe Hyasinti alipofariki, shemeji yake Gaudence alichukua ntambo, yaani upande mzima wa mlima wa familia, pamoja na kahawa iliyokuwamo, akamwachia nyumba na uwanja mpaka kwenye kamba ya kuanikia nguo. Alifanya hivyo bila ugomvi, maana ndivyo inavyofanywa. Lukresia alikuwa amechimba ngolo za mlima ule kwa miaka kumi na tisa. Ilimuuma, na iliendelea kumuuma kila alipoanika nguo.

Machi yote alilima akiwa amekaa kwenye kigoda barazani, miwani usoni, jembe mapajani. Betri zikichoka alizianika juu ya bati, zikapata nguvu ya saa moja zaidi. Ndege za adui zilipopita zikitema moto alizifukuza kwa kupiga debe, nazo zikaenda kusumbua kwingine. Jioni alinawa udongo miguuni kama watu wote.

Mwezi wa sita alitoka na gunia la kwanza la maharage. Yalikuwa ya kijani, maana mle ndani hapakuwa na rangi nyingine, na yalikawia kidogo kuiva, lakini maharage ya mlimani ndivyo yalivyo. Wanawake wa Mbaha waliopandisha dagaa wa usipa kutoka ziwani walibadilishana naye sahani kwa sahani na kuusifu mchuzi. Lukresia alinawiri. Aliimba akilima, na waliopita njiani walisikia sauti ikitoka mbali kuliko alipokaa.

Gaudence alikuja gunia la tatu lilipojaa.

"Shemeji, nasikia una shamba."

"Ninalo, shemeji. Karibu ukae."

"Sasa mwanamke wa kwetu amepataje shamba?"

Ukoo ukakutana Jumapili baada ya misa, nyumbani kwa mzee Kilian. Hakuna aliyebisha kwamba shamba lipo. Maharage yake waliyala palepale. Kilichobaki ni kujua la nani.

"Nyasi alilaza nani?" mzee Kilian aliuliza.

"Nilizikuta zimelazwa, baba. Nadhani ni kiwanda."

"Kiwanda ni mwanaume?"

Watu wakafikiri. Gaudence alisema kiwanda ni mashine, na mashine ni mambo ya wanaume, wakamwambia hapo amenena. Ikaamuliwa kwamba shamba ni la mwanaume asiyejulikana aliko, na kwa kuwa hayupo, Gaudence atamshikia. Gaudence akavaa miwani ili akague mipaka, akatapikia kofia yake ya kanisani. Basi ikaamuliwa pia kwamba Lukresia aendelee kulima kwa niaba yake, na nusu ya maharage ampelekee.

Lukresia alirudi nyumbani, akamwomba Raimundi akiandikie kiwanda barua yenye swali moja.

Jibu lilifika Februari. Kiwanda kilishukuru. Kilisema miwani ile kimeacha kuitengeneza kwa sababu watu wengi mno walitapika. Lakini siku zijazo itakuja nyingine, nyepesi kama ya kusomea, isiyotaka betri za redio, na kila mtu duniani atakuwa na nchi yake humo, kubwa kadiri apendavyo. Kuhusu swali la mama: mistari ya mteremko ilichorwa na mfanyakazi wetu mmoja, binti.

Lukresia alimwambia Raimundi arudie neno la mwisho. Kisha akavaa gauni lake la Pasaka na kuipeleka barua kwenye ukoo.

"Kumbe nyasi alilaza mwanamke," alisema mzee Kilian, baada ya kusomewa mara mbili.

"Ndiyo, baba."

Gaudence akauliza, kwa upole kabisa, "Huyo binti hana kaka?"

Barua haikusema. Wakaona kwamba hakuna binti asiye na kaka, au baba mdogo, au mtu. Uamuzi ukabaki ulivyo. Na kwa kuwa walikuwa wamekwisha kukutana, waligawa kabisa zile nchi za siku zijazo, moja moja kwa wana wanne wa Gaudence, mkubwa akapewa yenye maji. Beata, binti wa Lukresia, aliyekuwa wa kwanza darasani, aliitwa aandike mgawanyo kwa sababu mwandiko wake unasomeka.

Machi ilipoingia Lukresia alishusha betri batini zikiwa bado na joto, akavaa miwani. Juu ya mteremko alikuwapo mwanamke aliyekunja suruali mpaka magotini, analaza nyasi za msimu mpya. Mistari yake ilinyooka sana. Wakasalimiana, na kwa kuwa yule alionekana mchovu, Lukresia alimpa maharage kwanza, ndipo akamuuliza.

"Eti mdogo wangu, una kaka?"

"Sina."

"Basi shamba hili ni lako."

"Hapana, dada. La kiwanda."

Lukresia alicheka mpaka akashika kiuno, na yule naye akacheka.

"Pole, mdogo wangu."

"Pole na wewe."

Mvua ya mle ndani ilikuwa karibu. Mmoja akalaza, mwingine akafukia, wakaimba kidogo, na betri zilipochoka walikuwa wamemaliza mistari mitano.