Alipolala Kulungu

Kila Novemba, tangu waoane, Reino Lahti alikuwa akienda na kaka zake kuwinda kule kambini ng'ambo ya mto, na mkewe Lempi akibaki nyumbani kufuma soksi. Sasa kaka zake wote wamefariki, kambi imeuzwa, na nyonga ya Reino imetiwa chuma. Jirani alimruhusu awinde katika msitu wake, hapo tu nyuma ya barabara. Tatizo, Reino hakuujua msitu ule, na daktari alishamkataza kuhangaika porini peke yake.

"Basi nitaenda kukuangalizia mimi," Lempi akasema.

Reino alicheka mpaka akapaliwa. "Wewe! Kulungu umemzoea kwenye sufuria tu."

"Niambie natafuta nini, acha maneno."

Asubuhi yenye umande Lempi akamwacha Reino ndani ya pikapu na chupa yake ya kahawa, akajitoma kwenye mierezi. Mwanzoni hakuona kitu ila majani. Kisha macho yakazoea. Akaona kijia chembamba kilichokanyagwakanyagwa kuelekea kwenye mtofaa mwitu, na mbele yake mti mchanga uliochubuliwa gome kwa pembe, utomvu ungali unatoka. Akarudi mbiombio, akihema.

"Haya, tazama. Na kuna mti umechubuliwa gome."

Reino akaifungua leso aliyopewa. "Lempi! Umeniletea mavi kwa leso ya kanisani?"

"Si uliniambia niangalie kama ni mabichi? Mimi ningejuaje?"

Akayabonyeza kwa kidole. Mabichi kweli. "Na ule mti, umechubuliwa mpaka wapi?"

Lempi akagusa kiuno chake.

"Basi ni dume kubwa," Reino akasema. Akageukia dirisha la pili. Lempi alijua anatafuta mtu wa kumpa habari ile, na hayupo.

Akamfungulia mlango. "Shuka. Hukatazwi kwenda na mimi."

Wakaenda wameshikana mikono, hatua moja moja. Chini ya mwerezi Reino akasimama ghafla. Pale Lempi alikuwa amepita bila kuona kitu: nyasi zilikuwa zimelala, zimeacha umbo la mviringo, kavu katikati ya umande wote ule.

"Weka kiganja hapo, mke wangu. Mimi siwezi kuinama."

Lempi akapiga magoti. "Pana joto!" akanong'ona.

"Ameondoka sasa hivi. Amesikia unavyohema."

"Amesikia chuma chako."

Akainuka, akambandika kiganja kile shavuni kabla hakijapoa. Reino akafumba macho.

"Novemba njoo ukae na mimi hapa," akasema.

"Sitaki kuua chochote, Reino."

"Bunduki nitashika mimi. Wewe utakuwa unaniambia unachokiona."

Lempi alikuwa ameshaanza kutazama huku na huku, akitafuta mahali pasipo na upepo, pa kutosha viti viwili.