Mkate wa Kufutia

Traugott Hempel, mchoraji wa Pirna, alifuta makosa yake kwa mkate, kama wachoraji wote wa mji ule. Alinyofoa kiini cha mkate mweupe, akakifinyanga kwa vidole, akakipitisha juu ya mistari ya kalamu ya risasi. Siku hiyo alikuwa akichora Huzuni kwa ajili ya bibi von Tauberitz, mjane wa mwenye machimbo ya mawe.

Huzuni ya miaka ile ilikuwa na umbo lake: mwanamke ameinamia chungu cha mawe cha juu ya kaburi, amewapa watazamaji mgongo.

"Uso unaweza kudanganya," Hempel alipenda kusema. "Mgongo haujui."

Mgongo wa bibi von Tauberitz ulikuwa umenyooka mno, hata siku ya mazishi. Kwa hiyo Hempel akamwita Rosine Petzold, dobi wake. Mwana wa Rosine, Gottlob, aliangukiwa na ukuta wa jabali machimboni, na msimamizi akakataa kumfukua, kwa kuwa kuondoa kifusi kungesimamisha kazi.

"Nikikaa unichore, utaandika jina kwenye hicho chungu?" Rosine aliuliza.

"Lazima jina liandikwe, mama."

"Basi nakaa."

Hakujua kusoma. Alijua tu kwamba jina la mwanawe ni refu, na lililoandikwa lilikuwa refu. Akaliinamia kutwa nzima.

Asubuhi, mwanamke wa kwenye karatasi hakuwa penye chungu. Alikuwa nyuma kabisa, kwenye majabali ambayo Hempel aliyatia kujaza nafasi, akichimba kwa mikono. Hempel akamfuta kwa mkate, akamrudisha mahali pake. Kesho yake alikuwa kule kule, na mikono imechubuka. Hempel akamwita Rosine.

"Mama Petzold, mtu wako hatulii."

"Hapo kwenye chungu umeandika nini?"

Hempel akamsomea: Baron Adalbert von Tauberitz. Rosine akakaza kitambaa cha kichwani.

"Hata ningekuwa mimi nisingetulia."

"Si ndiwe huyo?"

"Basi andika Gottlob."

"Mwenye picha ni bibi, mama."

"Na mwenye mgongo ni mimi."

Hempel akachukua mkate, akaufinyanga, akaurudisha mezani. Jioni bibi von Tauberitz alikuja na miwani yake ya kushika mkononi.

"Anafanya nini huyu?"

"Anachimba, bibi."

"Anamchimbia marehemu kaburi. Inagusa moyo. Mwache."

Picha ikatundikwa sebuleni kwa bibi. Wageni walisimama mbele yake wakifuta machozi, na kila asubuhi Dorle, mtumishi wa nyumba, alifagia vumbi la mawe chini ya fremu.

"Wewe huko ukutani, nionee huruma," alimwambia. "Zulia jipya hili!"

Siku moja kilidondoka kiatu kutoka pichani. Kilikuwa cha ngozi, kimefungwa kwa kamba ya kuanikia nguo, kwa fundo ambalo Rosine mwenyewe alimfungia Gottlob. Dorle akampa Rosine, naye akakipeleka machimboni kwa msimamizi.

"Yuko hapo. Mchimbueni."

Msimamizi alikigeuza, akakinusa.

"Kiatu ni cha kweli, mama, sibishi. Lakini kimetoka kwenye picha, hakikutoka machimboni. Na picha ni mali ya bibi."

Kikarudishwa sebuleni, kikawekwa kwenye kabati la vioo. Wiki hiyo hiyo, hatua chache kutoka kwenye kifusi, wakakata jiwe la kaburi la Baron. Lilikuwa jiwe zuri, halina ufa.

Tangu hapo, kila Jumapili Rosine hupita mlango wa jikoni na kipande cha mkate mweusi, maana anayechimba hula. Dorle hukiweka juu ya fremu, na asubuhi hakipo. Jina kwenye chungu ni lile lile.

"Amefika wapi?" Rosine aliuliza Jumapili iliyopita.

"Magotini, mama."

Rosine akaitikia kwa kichwa polepole.

"Mwambie goti la kushoto la mwanangu aliendee taratibu. Lilivunjika akiwa mdogo, huwa linamuuma."