Hadithi ya Kufungulia Mwaka

Kila Agosti, upepo wa kiangazi ukipuliza vumbi la Kamina mpaka ndani ya masufuria, Priscille Nyembo na Mireille walikuwa wakipanga mwaka wao wa Kiingereza. Walimu wengine walisubiri shule ikaribie kufunguliwa, wakanakili mpango wa mwaka uliopita na kubadilisha tarehe tu. Hawa wawili walikaa barazani kwa Priscille, chai mezani, wakabishana kana kwamba kuna kesi. Hadithi zije kabla ya mashairi? Tamthilia iwekwe kabla ya Pasaka au baada yake? Mireille alipenda wanafunzi waandike mambo makubwa makubwa, uhuru na haki, na kila mwaka Priscille alimrudisha chini.

"Mutoto aandike kwanza juu ya baiskeli ya baba yake," alisema. "Uhuru itakuya nyuma."

Walikuwa chanda na pete. Waliosomea ualimu pamoja ni wengi, lakini waliolia pamoja si wengi, na hawa walikuwa wamelia. Mume wa Priscille, marehemu Kabwe, aliyekuwa fundi wa reli, alipofariki, ni Mireille aliyelala naye chini kwenye mkeka siku zote za matanga na kumshika kichwa alipokataa kula. Mtaa mzima ulimwita Priscille Mama Ève, kwa jina la binti yake wa pekee, na Mireille alilitamka jina hilo kwa utamu kuliko wote.

Ève alikuwa na miaka kumi na saba, akijiandaa kuingia mwaka wa tano wa sekondari katika shule hiyohiyo anamofundisha mama yake. Shuleni alimwita Priscille "Madame" kama wanafunzi wenzake, akalivua neno hilo pale getini na kurudi kwenye "Mama". Likizo hiyo alisoma Kiingereza kwa Mireille, na nyumbani alikuwa na maswali. Alitaka ufunguo wa sanduku la mama yake atafute kitenge cha kuvaa kwenye misa ya Bikira Maria, akapewa. Jioni moja, wanawake wakiwa wamezama katika mpango wao, alikuja kusimama mlangoni.

"Mama, unieleze tena vile nilizaliwa."

Priscille aliipenda hadithi hiyo, akaisimulia kwa madaha. Mvua kubwa hapahapa Kamina, barabara zimegeuka mito, Kabwe anamsukuma mkewe kwenye toroli mpaka hospitali, na mtoto anatoka analia kuliko radi. Mireille alitazama ndani ya kikombe chake akitabasamu. Ève alisikiliza mpaka mwisho, akasema asante, akaondoka.

Mwaka huo kulikuwa na jambo jipya. Vitabu vya Kiingereza vilikuwa vimekwisha. Kilichobaki shuleni hakikuwa na jalada, na ndani yake watoto waliteleza kwenye theluji, kitu ambacho mtoto wa Kamina hajakiona hata kwenye ndoto. Kabla ya likizo Inspekta Kasongo alikuwa ameamua kila mwalimu wa Kiingereza aandike hadithi moja ya kusoma darasani, kutoka maisha ya hapa. Zingegawanywa katika mpango mmoja kwa shule zote za mji. Hadithi bora ndiyo ingefungua mwaka, na mwandishi wake angeongoza kundi la walimu wa somo hilo. Aliposema hayo, macho ya Mireille yaliwaka, na Priscille akafurahi kwa ajili yake. Wacha apate, aliwaza, anastahili.

Priscille aliandika kuhusu treni iliyomsubiri bibi harusi pale Luena, akamsomea rafiki yake kila mstari. Mireille yeye alificha ya kwake. Alisema itasikika siku ya somo la mfano.

Sasa, somo la mfano lina desturi yake. Mwalimu mmoja anafundisha, na wenzake, watu wazima wenye mvi na vitambi, wanajibana kwenye madawati na kugeuka wanafunzi. Wanainua vidole. Wanajibu vibaya makusudi. Mzee Mwanza, aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, aliigiza mwanafunzi mvivu kila mwaka, akiomba ruhusa ya kwenda nje kabla chaki haijagusa ubao. Somo likiisha mwalimu anajikosoa mwenyewe, kisha wenzake wanasimama mmoja mmoja kutaja kasoro zake.

Mireille alivaa kitenge kipya siku hiyo. Aliandika kichwa cha hadithi ubaoni, "Mtoto Aliyekuja kwa Baiskeli", akaanza kusoma kwa Kiingereza chake safi. Mwalimu kijana, Esther, anapelekwa kufundisha katika kijiji cha wavuvi kando ya mto. Msichana mkausha samaki anajifungua, anafariki, na mtoto hana wa kumnyonyesha. Esther ameolewa miaka mingi bila kuzaa. Priscille alisikiliza kwa sikio la kazi, akiona mahali pazuri pa kumwuliza mwanafunzi swali. Ndipo Esther akamfunga mtoto katika kitambaa cha bluu chenye ndege weupe, akapanda nyuma ya baiskeli ya kukodi, na Priscille akakitambua kitambaa chake.

Hakukuwa na mto wowote. Ni Kinkondja, kwenye ziwa Kisale, Priscille alikoanzia kazi. Msichana aliitwa Ndaya, na mikono yake ilinuka moshi wa samaki mpaka dakika ya mwisho. Baiskeli iliwafikisha barabarani, lori likawaleta Kamina, mji ambamo Priscille hakujulikana, na Kabwe akampokea mtoto bila kuuliza mara mbili. Kabwe alikwenda na siri hiyo kaburini. Aliyebaki nayo ni mtu mmoja tu, aliyeambiwa kwenye mkeka wa matanga, akaapa kwa Bikira Maria kwamba haitatoka mdomoni mwake.

Naam, mdomoni haikutoka. Ilitokea kwenye kalamu.

Na Septemba Ève angekaa darasani kwa Mireille. Hadithi hii ingewekwa mbele yake, na kitambaa kile kilicholala bado sandukuni, baiskeli ile, na mama yule aliyesema uongo, mbele ya wenzake wote. Priscille alikuwa amepanga kumwambia yeye mwenyewe, Ève akishamaliza mtihani wa serikali, wakiwa wawili tu kwenye kaburi la Ndaya. Katika mipango yote aliyowahi kuandika maishani, huo ndio aliouogopa na kuupenda zaidi. Sasa alikaa kwenye dawati la mtoto, magoti yamembana, akijisikia amevuliwa nguo sokoni.

Maswali yakaanza. Mireille aliuliza huku na huku, macho yake yakiruka dawati la Priscille.

"Swali la mwisho. Je, Esther alifanya vizuri kumficha mtoto ukweli?"

"Vibaya, Madame," alisema Mzee Mwanza kwa sauti ya kitoto. "Ni mwizi wa mtoto."

Darasa likacheka. Priscille akainua kidole. Mireille akamchagua mwingine. Kidole kikabaki juu, mpaka Inspekta Kasongo, aliyekaa nyuma, akasema kuna mwanafunzi anayesubiri. Priscille akasimama kama wanavyosimama watoto, mikono ubavuni.

"Madame, Esther alimwambia nani siri yake?"

"Hadithi haisemi," Mireille alijibu.

"Kama hakumwambia mtu, wewe umeijuaje?"

Kicheko kikalipuka. Walimu walipiga madawati. Inspekta alitikisa kichwa kwa kuridhika, akasema huyo ndiye mwanafunzi tunayemtaka, anayehoji maandishi, na hadithi inayozaa swali la namna hiyo ni hadithi ya kweli. Priscille alikaa. Uchungu wake ulikuwa umempatia Mireille alama.

Wakati wa kukosoa alijaribu tena. Alisema maneno ni magumu, hadithi ni ndefu, wanafunzi wengi ni yatima na wataumia. Alisema kila kitu isipokuwa kile kimoja, kwa maana kukisema ndiyo kungekuwa kukimwaga. Mzee Mwanza alimnong'oneza jirani yake kwamba wivu ni kitu kibaya. Hakuna aliyemuunga mkono. Hadithi ya Mireille ikapewa wiki ya kwanza ya mwaka, na Mireille akapewa kundi.

Priscille alimkuta nje, anapongezwa karibu na pikipiki za kukodi. Alisubiri watu waishe.

"Mireille, uliapa."

"Nilibadilisha jina. Niliweka mutoni pahali pa ziwa. Nani atajua?"

"Ève iko mu classe yako."

Mireille alishika mkoba wake kifuani. Hakuwa na macho makavu, hilo tumpe. "Mama Ève, kila siku nafundisha batoto kuandika, na minyi mwenyewe sijaandikaka kintu cha kweli. Ile yenye uliniambia ku matanga haikunitoka mu kichwa tena. Miaka yote inanizungukia. Nikaona ni kama iko yangu."

"Haiko yako. Haiko hata yangu. Iko ya mutoto."

"Basi nitatoa ile kitambaa. Nitaweka ya rangi ingine."

Priscille alimtazama. Huyu ndiye aliyemshika kichwa kwenye mkeka. Alijiuliza kama wakati ule alikuwa anafariji, au tayari alikuwa anasikiliza kama mwandishi, akitafuta mwanzo na mwisho wa machozi ya mwenzake. Wazo hilo lilimuuma kuliko hadithi yenyewe. Hata kumbukumbu ya matanga ya mumewe sasa ilikuwa imeguswa.

"Unaogopa bule," Mireille aliendelea, akilainisha sauti. "Ève mwenyewe hakuona kintu. Alisoma yote, akajibu maswali muzuri, hakuuliza hata neno."

"Alisoma wapi?"

"Kwangu. Ku masomo ya vacances, hii likizo. Ilikuwa lazima mwanafunzi mumoja aijaribu mbele ya kuileta hapa. Tangu mwezi wa saba."

Priscille alipanda pikipiki ya kwanza, hakuuliza bei. Njia nzima maswali ya likizo yalimrudia. Ufunguo wa sanduku. Misa, ambayo Ève aliiendea na gauni lake la kawaida, bila kitenge chochote. Na ile jioni mlangoni.

Uani, katikati ya sare za shule zilizofuliwa, kilianikwa kitambaa cha bluu kilichopauka, ndege wake weupe wakionekana bado. Ève alikuwa ameketi barazani, kwenye kiti anachokaa Mireille siku zote. Hakuwa analia. Afadhali angekuwa analia.

"Mutoto yangu," Priscille alianza.

"Ile swali ya mwisho," Ève alisema, "weye ungejibu nini?"

Priscille alishika nguzo ya baraza.

"Minyi niliandika Esther iko na haki, sababu siku moja ataambia mutoto yake yeye mwenyewe. Niliandika vile sababu nilikuwa najua utaniambia. Nilikuwa nakumbuka ile kitambaa mu sanduku yako, nikaitafuta, nikaipata. Nikakuuliza. Ukaniambia mvua." Alivuta pumzi. "Nikakuuliza tena mbele ya Mama Mireille. Yeye anajua, weye unajua, minyi najua. Ukaniambia tena mvua, na toroli, na kucheka mulicheka."

"Ni Mireille aliniuza, Ève. Aliapa hatasema."

"Yeye alinipatia ukweli na maswali tano chini yake. Ni mubaya, najua. Lakini weye ulinipatia nini?"

"Nilitaka umalize kwanza examen d'État. Nilipanga twende sisi wawili ku Kinkondja, nikuonyeshe kaburi. Nilikuwa nimepanga yote."

"Najua. Weye unapangaka kila kintu."

Ève aliinuka, akaenda kwenye kamba, akakigusa kitambaa kuona kama kimekauka. Akakianua, akakikunja polepole, pembe kwa pembe, akakiweka juu ya begi dogo ambalo Priscille alikuwa hajaliona, limekaa karibu na mlango. Moyoni mwake Priscille alimwangukia miguuni, lakini miguu yake halisi haikusogea. Machozi yalimtoka, akayaacha.

Msichana alisimama wima mbele yake, mikono ubavuni, jinsi Priscille mwenyewe alivyosimama asubuhi ile darasani.

"Kesho kuko lori ya kuenda Kinkondja," aliuliza kwa adabu, "Madame?"